Sikio la Kapteni Lattanzio

Kichwa kilikuwa kimezikwa nje ya ukuta, nyuma ya banda la nguruwe, mahali ambapo watu wa Castel Sorbo huzika mbwa na wasaliti. Mchimbaji alitema mate pembeni, akachimba mara ya mwisho, akavuta kapu lililoshonewa ndani ya gunia.

"Lifungue," alisema Ser Tegli.

"Mimi nimeambiwa nichimbe, bwana. Habari ya kufungua hatukuelewana."

Tegli akachuchumaa, akakata uzi mwenyewe. Alikuwa mwandishi wa hakimu wa jinai, mtu mfupi mwenye mafua yasiyokwisha, na kwa kazi yake ya kukagua maiti mafua hayo alikuwa ameshayashukuru mara nyingi. Akaanza kuipangusa chumvi iliyohifadhi kichwa kwa ncha ya kisu. Cione, mkuu wa kijiji, aligeuka akaanza kutazama milima kana kwamba hajawahi kuiona. Vanni Scoto, aliyekileta kichwa chenyewe, alibaki ameegemea ukuta akitafuna bua la ngano.

Shauri lenyewe lilionekana jepesi. Kapteni Lattanzio, mzaliwa wa kijiji hiki, alikuwa ameishi kwa kukodisha upanga wake kwa kila mji uliomhitaji. Kiangazi kilichopita, usiku wa kuamkia vita, akaliacha Baraza la mji lililomwajiri na kuhamia kwa adui pamoja na wapanda farasi wake wote. Baraza likamhukumu kifo. Likaamuru nyumba ya mama yake ibomolewe asipopatikana kabla ya baridi, likaleta askari wakakaa kijijini wakila ghala za watu. Tena likatangaza kwamba mtu yeyote aliyefukuzwa nchini, hata kama ni muuaji, akileta kichwa cha Lattanzio atasamehewa. Vanni alikuwa amefukuzwa kwa kumchoma kisu jirani yake. Akaja na kapu. Mama wa kapteni alionyeshwa, akapiga yowe, akasema ni mwanawe. Askari wakaondoka, nyumba ikabaki imesimama, na kijiji kizima kikapumua. Ulibaki muhuri wa Tegli tu. Alasiri hii, kengele ikilia, Vanni angekula kiapo uwanjani na kwenda zake akiwa huru.

"Uso umepondwa," alisema Tegli.

"Tulikutana korongoni, chini ya njia ya mlimani," alisema Vanni. "Jiwe lilikuwa karibu kuliko upanga."

"Na kapteni alikuwa peke yake? Mtu anayetafutwa na nchi nzima?"

"Hata makapteni huenda haja, bwana mkubwa."

Mchimbaji akacheka. Tegli hakucheka. Ndevu zilikuwa na mvi, na hilo lilikubaliana na habari za kapteni. Sikio la kulia halikuwepo; mahali pake palikuwa pamebabuka kwa moto, kisha chumvi ikapakausha, na hakuna aliyeweza kujua jeraha lilikuwa la mwaka huu au la miaka kumi. Kila mtu alijua kwamba Lattanzio alipoteza sikio vitani. Akaufunua mdomo kwa ncha ya kisu. Meno ya pembeni, upande wa kushoto, yalikuwa yamelika yakaacha uwazi wa mviringo kati ya juu na chini, kidole kidogo kingepita.

"Cione, njoo utazame."

"Mama yake ametazama."

"Nimesema wewe."

"Bwana, mimi nina moyo dhaifu," alisema Cione bila kugeuka. "Mama mtu akishasema huyu ni mwanangu, mimi ni nani nimsahihishe?"

*

Njiani kuelekea kanisani walipita kisima ambacho kapteni aliwajengea enzi za fahari yake. Kichwa cha kondoo dume, alama ya bendera yake, kilikuwa kimetolewa kwa patasi juu ya bomba, lakini maji yalitoka vilevile na wanawake waliendelea kuyachota. Kengele ya kanisa nayo ilitokana na mzinga wa vita alioteka, ukayeyushwa. Baraza lilikuwa limeamuru iteremshwe, kijiji kikajibu kwamba kamba imeoza na fundi anaumwa.

Ndani, juu ya altare ya Bikira Maria, ilining'inia kofia ya chuma.

"Ile nayo ni ya nani?" aliuliza Tegli.

Cione alijikuna shingo. "Ile tulisahau."

"Ni yake?"

"Aliileta mwenyewe kutoa shukrani, mwaka aliponusurika. Ni sadaka, bwana. Sadaka haiondolewi."

Tegli akapanda juu ya benchi, akaishusha, akapiga chafya kwa vumbi lililomrukia, kisha akaivaa. Ilimmeza mpaka kwenye nyusi. Upande mmoja ulikuwa umepasuliwa na shoka au upanga, kingo za chuma zimekunjamana ndani. Akaingiza kidole katika ufa ule, akaligusa sikio lake mwenyewe. Sikio la kushoto.

"Kapteni alipoteza sikio lipi, Cione?"

"Alikuwa mtu wa kuvaa kofia sana."

"Hata akiwa mezani?"

"Alikuwa na nywele nyingi."

"Umekua naye kijiji kimoja, umeoga naye mto mmoja, na hujui sikio lake lipi halipo?"

Cione akaketi kwenye benchi. Alikuwa mtu mnene aliyekonda ghafla, ngozi ya shavu imemlegea. "Ser Tegli, wale askari walikula mpaka ngano ya mbegu. Walichoma milango yetu wakaota moto. Sasa mtu amekufa, mama yake amemlilia, wamekwenda zao. Ukisema siye, kesho wako hapa tena. Wewe utakuwa mjini unakunywa mvinyo."

 Tegli aliivua kofia, akaenda nayo kwapani.

*

Nyumba ya Mama Piera, mama wa kapteni, ilikuwa na mlango mzuri kuliko yote kijijini, wenye nguzo za mawe zilizochongwa. Nao ulikuwa umetolewa vichwa vya kondoo. Ndani, meko yalikuwa yamezimwa na majivu kufagiliwa, maana nyumba yenye msiba haipiki. Majirani ndio huleta chakula mpaka padri asome misa ya mwezi. Bakuli za watu zilipangwa mezani, zingine tupu, zingine zimefunikwa kwa kitambaa. Mama mwenyewe, mwembamba na mnyoofu, alikaa kwenye kigoda akiyapa meko mgongo.

"Pole kwa msiba, mama."

"Ahsante."

"Ulimtambuaje?"

"Ulimtambuaje," alirudia yule mama. "Una mama, wewe?"

"Alikufa."

"Basi hukumuuliza mapema."

Kabla Tegli hajauliza tena, mlango ulisukumwa kwa goti, akaingia mwanamke wa makamo, mashavu mekundu kwa moto wa tanuri, mikononi ana chungu kinachotoa mvuke.

"Dengu hizo, Mama Piera, na leo usiniambie huna hamu. Nimetia kipande cha nguruwe nilichokificha askari wasikione. Nilikilalia." Akamwona Tegli. "Lo, una mgeni. Mimi ni Tessa, nakaa ng'ambo ya uwanja. Wewe ndiye wa muhuri?"

"Ndiye mimi."

"Basi upige upesi utuache tupumzike."

Mama Piera hakumtazama. Alikitazama chungu, kisha ukuta. Tegli alilisikia kwanza ndipo akaliona: uani, mlango wa nyuma ukiwa wazi, kuku walikuwa wakigombania dengu katika vumbi. Dengu za jana. Bakuli za majirani wengine zilikuwa zimelambwa safi.

"Mumeo hakai nyumbani?" aliuliza Tegli, akimgeukia Tessa.

"Nuto? Amepeleka sufu upande wa pili wa mlima na nyumbu wake wawili. Alisema atarudi kabla jibini halijaiva. Limeiva, na nimeshaanza kulila peke yangu. Ama nyumbu wamegoma, ama amepata mjane mwenye mvinyo." Akacheka, lakini jicho lake lilikwenda dirishani. "Akirudi namtoboa pengo jingine."

"Ana pengo?"

"Si pengo hasa. Wafungaji mizigo ukamba wanaushika kwa meno, si mikono inakuwa na kazi. Ya Nuto yamelika hapa." Akaweka kidole pembeni mwa mdomo, upande wa kushoto. "Anapitishia mluzi papo hapo. Akifika darajani tu namsikia, naweka sufuria motoni. Siku hizi kila ndege akilia nakimbilia mlangoni kama mwali."

Tegli akatoa leso, akapiga chafya ambayo hakuwa nayo, ili asionekane uso. Neno lilikuwa limemfika mdomoni, akalimeza. Meno peke yake hayatoshi mbele ya hakimu, na mwanamke haambiwi kwamba ni mjane kwa kubahatisha.

Mama Piera alikuwa amefumba macho.

*

Tanuri la kijiji lilikuwa uwanjani, na ukuta wake mrefu kuliko zote ndio uliochaguliwa na Baraza, kwa sababu hakuna mtu asiyekula mkate. Hapo ndipo kapteni alipochorwa kama wanavyochorwa wasaliti: mzima mzima, amefungwa mguu mmoja, ananing'inia kichwa chini miguu juu, jina lake limeandikwa pembeni. Mchoraji alikuwa mtu wa mjini. Miaka michache nyuma ndiye aliyemchora Lattanzio yuleyule juu ya farasi, katika ukumbi wa Baraza, kapteni akiwa amekaa mbele yake siku nzima. Aliujua uso ule.

Tegli alisimama mbele ya picha, akavunjika moyo. Sikio lililokatwa lilikuwa upande wa mkono wa kushoto wa Tegli mwenyewe. Akahesabu kama unavyohesabu kwa mtu anayekutazama: kushoto kwangu ni kulia kwake. Sikio la kulia, basi, kama la kichwa kile. Labda kofia kanisani ilikuwa ya mtu mwingine. Labda kamba hula meno ya watu wengi, na Nuto kweli yuko kwa mjane wake. Kivuli cha mnara kilikuwa kimeshafika katikati ya uwanja, na Vanni alikuwa amekaa ngazini akinyolewa ndevu, akijiandaa kwa kiapo.

Chafya ikamjia, mara hii ya kweli. Leso ikamponyoka. Akainama kuiokota, kichwa kikamwenda chini kati ya magoti, na kwa uwazi wa miguu yake akaiona picha nyuma yake. Kapteni Lattanzio alikuwa amesimama wima. Na sikio lilikuwa limehama upande.

Tegli alibaki ameinama hivyo kitambo. Mwanamke mmoja akamwuliza mwenziwe kama yule bwana ameshikwa na kiuno.

Aliponyooka uso ulikuwa umemwiva. "Cione, waite watu. Na wewe, Vanni, njoo na sabuni yako hivyohivyo."

Vanni alikuja akifuta povu. Watu wakakusanyika, mikate imeachwa tanurini.

"Ulimtumikia kapteni?" aliuliza Tegli.

"Miaka miwili."

"Ulimwona kwa karibu?"

"Nilikula naye meza moja."

"Sikio gani hakuwa nalo? Onyesha kwako."

Vanni akagusa sikio lake la kulia bila kusita. "Hili. Mezani nilikuwa naketi kushoto kwake, kwenye sikio zima, ili anisikie."

Mtu mmoja nyuma akakohoa. Tegli akainua kofia ya chuma juu, kila mtu aione, kisha akaivaa na kutoa kidole kupitia ufa, upande wa kushoto.

"Hiyo ni kofia tu," alisema Vanni. "Na hapo ukutani? Itazame. Huoni kama nilivyosema?"

"Naiona. Ndiyo uliyoitazama nawe. Sasa geuka uipe mgongo, uiname, uitazame kwa kati ya miguu."

"Mimi si mtoto."

"Nami nimeinama hapa hapa, na nina cheo."

Watu wakacheka. Kisha mmoja akainama kujaribu, halafu mwingine, na kila aliyeinuka aliinuka kimya. Mtu akining'inia kichwa chini, kulia kwake na kushoto kwake vinabadilishana machoni pa anayemtazama. Aliyewahi kumwona kapteni amesimama hawezi kukosea, kwa sababu anamkumbuka mtu. Anayejifunza uso wake ukutani atakosea tu. Tegli aliwaeleza hayo kwa maneno machache.

"Hukuwahi kuketi naye," alimwambia Vanni. "Ulipita hapa ukaitazama picha, ukaenda mlimani ukamvizia mtu mwenye ndevu kama zile. Ukamponda uso, ukamkata sikio, ukampiga chuma cha moto."

Rangi ilimtoka Vanni, lakini alikuwa jasiri, au hakuwa na njia nyingine. "Mwandishi, wewe una picha na kofia. Mimi nina mama. Mama yake mwenyewe amemtambua mbele ya mkuu huyu hapa. Utamwambia hakimu kwamba mwanamke hajui mwanawe? Kengele ikilia nitaapa, nawe utapiga muhuri."

Alisema kweli. Mbele ya hakimu kauli ya mzazi ilishinda kofia na rangi ya ukutani. Tegli aliwatazama watu usoni mmoja mmoja, na wote wakaangalia viatu vyao. Walikuwa wakilijua sikio tangu siku ya kwanza. Mwisho wa kundi Tessa alikuwa na koleo la mikate mkononi, anauliza jirani yake, "Kama siye Lattanzio, basi ni nani masikini?" Jirani akaukumbuka mkate wake tanurini, akaenda.

*

Mama Piera alikuwa palepale kwenye kigoda. Chungu cha dengu hakijaguswa.

"Sikuulizi mwanao yuko wapi," alisema Tegli. "Sitaki kujua. Nakuuliza habari za Nuto."

Mama Piera alikunja upindo wa nguo yake.

"Ulimjua papo hapo. Meno yale unayajua."

"Nilimpokea mimi," alisema yule mama mwishowe. Sauti yake ilikuwa kavu. "Mkunga alichelewa kwa theluji. Nuto alitokea katika mikono hii."

"Basi kwa nini?"

"Walilifungua gunia, nikaona siye Lattanzio. Nikafurahi. Unanisikia? Nilifurahi ndipo nikaona ni nani. Yowe nililopiga lilikuwa la kweli, bwana, wasikudanganye. Kisha nikawaza, wakiamini ni yeye hawatamtafuta tena. Mtoto wangu atakuwa amekufa na yuko hai. Nuto hakuna wa kumrudisha."

"Yuko anayemngojea."

"Kila siku ananiletea chungu. Ananipangusa machozi kwa aproni yake. Nimewapa kuku, siwezi kumeza." Akaitazama dari. "Nikisema, nyumba hii wataibomoa?"

Tegli alitamani kudanganya. "Wataibomoa. Na askari watarudi. Na mwanao atasakwa."

"Umekuja kunishawishi kwa hayo?"

"Nimekuja kukueleza yalivyo. Kengele ikilia, nisipokuwa na neno lako, yule mtu ataondoka huru, na Tessa ataendelea kusikiliza ndege. Siwezi kukulazimisha."

Mama Piera akageuza uso ukutani. Tegli alisubiri mpaka alipoona kusubiri kwake kunamtesa tu, akatoka.

Uwanjani Cione alikuwa ameshatayarisha meza na nta. Vanni alikuwa amemaliza kunyolewa, anang'aa mashavu. Tegli aliketi, akaiyeyusha nta polepole kuliko inavyotakiwa, akiuona mkono wake na kuuchukia. Juu mnarani mpiga kengele aliishika kamba ambayo mjini iliaminika imeoza. Kengele ya mzinga wa kapteni ikalia.

"Niape?" alisema Vanni.

"Ngoja," alisema Cione.

Tegli aliinua kichwa. Cione alikuwa amekodolea macho paa la nyumba yenye nguzo za mawe, mdomo wazi. Watu wote walikuwa wanatazama huko. Katika bomba la moshi la Mama Piera, lililokaa baridi tangu siku ya kapu, moshi ulikuwa unapanda, mweusi kwanza kwa kuni zenye unyevu, halafu mweupe.

 Nyumba yenye msiba haipiki, na kila mtu pale alielewa. Vanni, asiyekuwa wa kijiji hiki, alimgeukia huyu na yule akiuliza kuna nini. Wanaume wawili wakamsogelea, mmoja kila upande, bila kuagizwa.

Uji wa shayiri hauchukui muda mrefu. Nta ilikuwa imeshaganda tena juu ya meza, muhuri haujapigwa, mlango ulipofunguliwa na Mama Piera akatoka ameshika chungu kwa mikono miwili, kimefunikwa kwa kitambaa cheupe. Hakutazama meza. Alipita mbele ya picha ya mwanawe bila kuinua macho, akaenda moja kwa moja kwenye mdomo wa tanuri, ambako Tessa alikuwa anatoa mikate.

Tessa alikiona chungu, akacheka kidogo. "Mama Piera, umechanganyikiwa na njaa. Mimi ndiye nakuletea wewe. Mimi sijafiwa."

 Mama Piera alisimama tu na chungu chake, mvuke unapita kwenye kitambaa.

Tessa aliutazama moshi juu ya paa. Akaitazama kofia ya chuma juu ya meza ya Tegli, kisha akamtazama Cione, ambaye mara hii hakugeuka lakini alikuwa analia. Kicheko kilikuwa bado kimembaki mdomoni, hakujua pa kukiweka. Akageuza kichwa kuelekea darajani, akasikiliza.

Kisha akaufuta unga mikononi kwa aproni, akakipokea chungu.